Alama ya Kuingilia

Msonobari wa Bibi ulianguka pale pale mkata miti Kisiki alipoahidi kuuangusha: katikati ya uwanja wa ng'ombe, mbali na paa, mbali na tangi la maji, mbali na banda la kuku. Ardhi ilitikisika. Kuku walipiga kelele utadhani wao ndio waliokatwa. Kisiki alizima msumeno wa mashine, akavua kofia yake na kusema neno moja la kwao.

"Sorlan."

Yaani imekwisha, hakuna tena. Watu wa Norfolk, kisiwa cha Pasifiki, hulisema sufuria ikibaki tupu, au meli ikigeuza na unga wao tumboni kwa sababu bahari imekataa, au mtu akishafukiwa. Kisiki alilisema kwa furaha ya fundi aliyemaliza kazi.

Ivena Quintal alitazama mwanga mpya uliomwagika juu ya jiko lake, na hakujuta hata chembe. Tangu aolewe katika nyumba ile alikuwa akigombana na mti huo wa bibi yake mumewe. Majani yake yaliziba mifereji ya paa, yakaoza, yakaingia tangini, mpaka maji ya chai yakawa na rangi ya chai kabla hayajatiwa majani. Dhoruba ya mwisho ilipokuja, tawi moja lilitoboa bati na kutua juu ya meza, juu ya mikate ya ndizi aliyowaokea wageni wa hoteli. Mti wenyewe ulianza kuinama upande wa chumba cha kulala. Kila alipomwambia mumewe waukate, mumewe alijibu, "Mti wa Bibi hauguswi." Ukimwuliza kwa nini, atakwambia, "Kwa sababu ni wa Bibi." Basi, mazungumzo yameishia hapo, mpishie mtu chakula chake.

Mume huyo ni Orrin Quintal, lakini ukimtafuta kwa jina hilo utazunguka kisiwa kizima bure. Hata kwenye kitabu cha simu ameandikwa Chumvi. Mtu mwema, mchapakazi, hanywi kupita kiasi, na msiri ajabu. Akirudi na samaki hasemi amewavua wapi. Akirudi bila samaki ndiyo kabisa hasemi.

Asubuhi hiyo Chumvi alikuwa ameshusha mashua yake kwenye ghuba yao ndogo chini ya jabali, akaelekea kaskazini peke yake. Mlio wa injini ulipopotea tu, Ivena akainua simu na kumwita Kisiki, ambaye ni binamu yake, na ambaye kisiwani hufanya kila kazi: hukata miti, huchuma mbegu za michikichi ya mapambo ya kupeleka ng'ambo, na Jumapili huwazungusha watalii kuwaonyesha ng'ombe barabarani.

"Chumvi akirudi, mimi sikuwepo," Kisiki alisema sasa, akifuta jasho. "Mwambie ni upepo."

"Upepo uliokata kwa msumeno?"

"Upepo wa siku hizi umesoma."

Ivena alicheka. Alikuwa bado anacheka alipohisi shuka za kwenye kamba zikimpiga mgongoni. Asubuhi zilikuwa zikipepea kuelekea kwingine. Alinyoosha shingo kutazama bahari. Upepo ulikuwa umegeuka, sasa unatoka kusini-mashariki, na mbali kule, pale bahari inapokutana na mbingu, kulikuwa na ukuta wa mvua wa rangi ya risasi unaosogea.

Hakuogopa. Chumvi alikuwa ameijua bahari ile kabla ya kujua kusoma. Aliingia ndani kuandaa chai ya Kisiki, na hata birika halijaanza kuimba, gari likaingia uwanjani kwa kasi. Ng'ombe mmoja alilazimika kuruka, na ng'ombe wa Norfolk hawajazoea kumpisha mtu.

Alikuwa Maud, dada yake Chumvi. Aliteremka bila kufunga mlango wa gari, na aproni yake ina unga.

"Wifi, umefanya nini?"

"Karibu chai, wifi."

"Nakuuliza umefanya nini! Nilikuwa dirishani kwangu, nikainua macho nikaona mbingu tupu! Mti uko wapi?"

"Uko hapo umelala. Ulikuwa unataka kuniua usingizini, nimeuwahi."

Maud aliutazama mti uliolala. Akaitazama bahari. Kisha akakaa chini, pale pale juu ya nyasi zenye mavi ya ng'ombe, mwanamke wa kanisani ambaye hata kwenye fungate yake alikuwa amevaa glovu. Hapo ndipo Ivena alipoanza kuogopa.

"Chumvi yuko nje?" Maud aliuliza.

"Yuko nje."

"Mwite kwenye redio."

"Ameizima. Unamjua kaka yako. Akiwa kwenye samaki hawezi kuacha redio wazi, wenzake wasije wakakisia yuko upande gani."

"Ataingilia wapi na upepo huu? Kingston mawimbi yanapanda mpaka juu ya gati. Cascade wameshapandisha mashua zote na kreni wameifunga, nimepita huko sasa hivi."

"Ataingia hapa kwetu. Upande huu una kinga."

"Ndiyo," Maud alisema. "Ataingia hapa. Kwa alama gani?"

Ivena hakuelewa. Maud akamwangalia kwa muda, akili yake ikipigana na kitu alichofundishwa utotoni. Akamgeukia Kisiki.

"Wewe, nenda kaangalie kuku."

"Kuku wazima, Shangazi."

"Nenda!"

Kisiki akaenda hatua chache, akasimama, akaziba masikio yake kwa vidole ili aonekane kuwa ana adabu. Maud akainuka, akamshika Ivena bega na kumnong'oneza sikioni. Alinong'ona, hebu fikiria! Ndugu yake yuko baharini na dhoruba inakuja, lakini siri ya akina Quintal haisemwi kwa sauti mbele ya binti wa ukoo wa Nobbs, hata kama binti huyo amewazalia na kuwapikia maisha yake yote.

"Mti wa Bibi juu ya Jiwe la Mbuzi," alinong'ona. "Baba alinionyesha nikiwa msichana. Ukiwa nje unavipanga viwili hivyo mpaka viwe kitu kimoja, mti wa juu na jiwe la chini, halafu unakuja moja kwa moja. Hapo umo mlangoni mwa ghuba. Ukitoka kidogo tu kushoto, unampanda Mama Mkwe."

Mama Mkwe ni mwamba. Waliuita hivyo wazee wa zamani kwa sababu humuoni mpaka umeshamkosea. Maji yakiwa yametulia unapita juu yake bila kujua. Mawimbi yakija, anainuka na kuchana mashua katikati. Baba yake Ivena alisaidia kuwatoa watu wawili pale, mmoja tu akiwa hai.

"Hakuniambia," Ivena alisema. Sauti yake ilikuwa ndogo. "Nimemwuliza mara ngapi kwa nini hataki ukatwe. Hakuniambia."

"Alama haambiwi mke."

"Nami ningejuaje?"

"Si ungetii tu!"

Walitazamana, na chuki ya miaka mingi ya mawifi ikapita katikati yao na kuondoka, maana haikuwa na nafasi siku hiyo. Mvua ilikuwa imefika kwenye kisiwa kidogo cha nje na kukimeza.

"Akiona mti haupo atajua," Ivena alisema. "Atakaa nje asubiri."

"Ataona mti," Maud alisema, akanyoosha mkono. "Ataona ule."

Hatua kama thelathini kutoka kisiki cha mti wa Bibi, upande wa ukingo wa jabali, ulisimama msonobari mwingine. Ulikuwa mwembamba, umenyooka, mzuri. Ivena aliupanda mwenyewe siku alipomleta Lorna nyumbani kutoka hospitali, kichanga ndani ya shali. Lorna alikua nao mpaka alipokuwa na miaka tisa. Akapata homa ya ubongo, na ndege ya kumpeleka Sydney ilipofika, ilimkuta keshakata roho. Mti ukaendelea kukua. Watu wengine wana picha ukutani, Ivena ana mti. Kila asubuhi humsalimia kabla ya kumsalimia mtu.

"Ilikuwa miwili, sasa umebaki mmoja," Maud alisema. "Kwenye mvua hii, mti ni mti. Atauona mmoja umesimama peke yake, atasema huo ni wa Bibi, ataupanga na jiwe. Na utampeleka juu ya Mama Mkwe moja kwa moja." Alimshika Ivena mkono. "Inabidi nao ushuke, wifi. Kisha tuwashe moto mkubwa kwenye kisiki cha Bibi. Akiona moto pale atajua."

"La."

"Ivena."

"Maud, la. Niombe kingine."

"Sina kingine! Ninaye kaka mmoja!"

Ivena aliegemea ukuta wa tangi. Akilini alimwona Chumvi ameketi kwenye usukani wake, kofia imelowa, anatafuta mti. Hakukuwa na cha kupima hapo. Ni mume aliye hai na mti wa mtoto aliyekufa, hata mwendawazimu angejua cha kuchagua. Aliita, "Kisiki!" na jina lilitoka likiwa limekatika. Kisiki akatoa vidole masikioni, ingawa ilikuwa wazi alikuwa amesikia kila neno.

"Uangushe," Ivena alisema.

"Wa Lorna? Dada, mimi—"

"Uangushe kabla sijabadili mawazo."

Maud alikimbilia ghalani kutafuta mafuta ya taa. Kisiki alivuta kamba ya msumeno mara kadhaa, nao ukakataa, kama unavyokataa msumeno siku zote unapoutaka uwake, au usipotaka uwake. Kisha ukanguruma. Aliusogeza kwenye shina upande wa bahari. Meno yaliingia, na vumbi jeupe likarukia nyasi, na harufu ya utomvu mbichi ikampanda Ivena puani. Alishindwa kutazama. Aliinamisha macho chini, kwenye miguu ya mti.

Chini palikuwa safi.

Ni kitu alichokuwa akikiona kila siku, hivyo hakuwahi kukiona. Kila mahali kwenye ukingo ule mapera-mwitu na tumbaku-mwitu huota mpaka kiunoni, ukifyeka leo wiki ijayo yamerudi. Mti wa Bibi ulikuwa umezungukwa na kichaka ambacho Chumvi hakukigusa kamwe. Lakini mbele ya mti wa Lorna, kutoka shinani mpaka ukingoni, palikuwa na njia iliyofyekwa, imenyooka kama mstari katikati ya nywele zilizochanwa. Kila mwezi Chumvi alichukua panga akaenda kufyeka. Ivena humtazama kutoka dirishani na kumwacha. Alidhani ni huzuni. Alidhani mwanamume asiyejua kulia amepata namna yake ya kulia.

Na huko mwisho wa njia, pembeni kabisa ya ukingo, kulikuwa na hori la zamani la kunyweshea ng'ombe. Hakuna ng'ombe aliyekunywa pale tangu bomba lipasuke. Na kila mwaka kabla ya Krismasi Chumvi alilipaka chokaa. Jikoni mwake ukuta unabambuka rangi, lakini hori lisilo na maji linapakwa chokaa!

"Zima!" Ivena alipiga kelele. "Kisiki, zima! Zima!"

Msumeno ulikuwa umeshaingia karibu theluthi ya shina. Kisiki aliuchomoa, akarudi nyuma, akatazama juu kwa wasiwasi.

Ivena alikuwa anashuka mbio. Alifika horini na kugeuka kuutazama mti: ulisimama sawasawa juu ya hori, kama umepimwa kwa uzi. Akageukia bahari. Alichoweza kuona ni povu huku na povu kule, na katikati utepe mweusi wa maji usiokuwa na povu, unaoelekea kifuani kwake. Au aliona alichotaka kuona. Mvua ilifika wakati huo huo, ikafunga kila kitu.

Alipopanda tena, Maud alikuwa anamwaga mafuta ya taa juu ya kisiki cha Bibi.

"Usiwashe, moto utampoteza," Ivena alisema, pumzi zikimwishia.

"Nini?"

"Amebadilisha alama. Si mti wa Bibi tena, ni wa Lorna. Mti wa Lorna juu ya hori jeupe. Ndiyo maana hufyeka. Ndiyo maana hupaka chokaa."

"Baba mwenyewe alinionyesha!"

"Baba yako amekufa, Maud. Na Jiwe la Mbuzi lilianguka baharini, jabali lilipomeguka."

"Kilianguka kipande tu."

"Lilianguka lote. Chumvi alisema mezani."

"Alisema? Chumvi?" Maud alicheka vibaya. "Chumvi hajawahi kukwambia hata samaki kamtoa wapi. Leo ndiyo amekwambia habari za mawe?" Aliweka debe chini, akafuta mvua usoni. "Wifi, nakuhurumia. Mungu anajua nakuhurumia. Nilimpenda mtoto yule. Lakini hutaki kuukata mti wake, na sasa umejitungia sababu. Utaniulia kaka yangu kwa ajili ya marehemu."

Maneno hayo yaliingia yakakaa, kwa sababu Ivena alikuwa ameshajiambia mwenyewe. Hakuwa na hakika. Panga, chokaa, na utepe wa maji alioutazama kwa muda wa kupepesa jicho, ndiyo yote aliyokuwa nayo. Akikosea, atakuwa mjane kwa mkono wake mwenyewe, na kisiwa kizima kitajua ni kwa nini. Alitamani mtu mwingine aamue. Alimtazama Kisiki. Kisiki aliangalia viatu vyake.

Maud akawasha kiberiti. Kilizimika. Akawasha cha pili akikikinga na mwili wake, na moto ukashika mafuta, ukapanda, wa njano, ukavuma.

Ivena alikwenda tangini, akajaza ndoo, akarudi na kuumwagia moto. Maud alimrukia. Waling'ang'ania ile ndoo kama watoto wa shule, wanawake wawili wenye mvi, wakateleza wote wakaanguka kwenye matope, na Maud akampiga kofi. Ivena hakurudisha. Alikaa juu ya kisiki chenye moshi, makalio yake yakiungua kupitia sketi iliyolowa, akasema, "Niue basi. Hapa sibanduki."

"Dada!" Kisiki aliita. "Dada, mti!"

Walisikia. Mti wa Lorna ulikuwa unalia, sauti ndefu ya kamba inayokazwa. Upepo uliusukuma kuelekea bahari, upande ule ule uliotiwa pengo. Kilele chake kiliinama, kikarudi, kikainama tena zaidi kidogo.

"Utaanguka?"

"Upepo ukiongezeka, ndiyo."

"Ufunge!"

Kisiki alikuwa ameshaikimbilia pikapu yake. Aliirudisha nyuma mpaka matairi yakachimba nyasi, akatupa kamba nene, akaparamia shina kwa miguu na mikono jinsi anavyoparamia michikichi akichuma mbegu. Mti uliyumba naye. Ivena aliona jinsi pengo lilivyofunguka na kujifunga chini yake, kama mdomo. Akafunga kamba juu, akateleza akashuka huku ngozi ya mikono imechubuka, akaingia garini na kuivuta pikapu mbele taratibu mpaka kamba ikanyooka. Mti ukasimama. Ukawa unatetemeka, lakini umesimama.

"Ile pale," Maud alisema.

Mvua ilikuwa imepasuka kidogo, na katika mpasuko ule mashua ilionekana, kitu cheupe kidogo kinachopanda na kuzama. Ilikuwa inakuja, kisha ikaacha kuja. Ikageuza ubavu. Chumvi alikuwa ameona. Alizoea kuona miti miwili, sasa uko mmoja, na hajui ni upi. Ivena alihisi swali lake kana kwamba amemwuliza sikioni. Mashua ilikwenda kushoto, ikarudi kulia, wimbi likaifunika pua, ikatoka tena.

"Anauliza," Ivena alisema kwa sauti. "Ni wa Lorna, Chumvi. Ni wa Lorna. Tazama hori na njia uliyoifyeka."

Maud alikuwa amepiga magoti. Hakuwa akimlaumu mtu tena, alikuwa anasali, na kwenye sala yake jina la Ivena lilikuwamo pia.

Mashua ikatulia kidogo mahali pamoja, pua yake ikatazama nchi kavu, ikawaelekea. Ilikuja moja kwa moja. Wimbi liliinuka kushoto kwake, likaanguka, na povu lilipotawanyika Mama Mkwe alijitokeza, mweusi, anachuruzika maji. Mashua ilipita kando yake. Kisha ukingo wa jabali ukaificha.

Hapo ndipo iliposhindikana kuvumilia. Chini kule hakuonekani kutoka juu. Ulisikika upepo, kamba ikikwaruza gome, na matone juu ya bati. Kisiki aliegemea usukani, macho kafumba. Ivena alisimama na mkono mdomoni. Chumvi akifika salama ataiwasha ile winchi ya kupandishia mashua, na winchi ile ina mlio wa punda mwenye kifua. Miaka yote aliichukia. Sasa aliisubiri kwa mwili mzima.

Ikakohoa. Ikanyamaza. Ikakohoa tena, ikaanza kulia.

Maud alilala kifudifudi kwenye matope akaangua kilio. Ivena hakulia. Alikaa chini karibu na wifi yake, na Maud akautafuta mkono wake bila kuinua kichwa.

Chumvi alitokea kwenye njia ya ghubani na samaki aina ya changu, wawili wakubwa, wakining'inia kidoleni. Alimwona dada yake katika matope. Alimwona Kisiki, ambaye alimpungia mkono kwa kidole kimoja kutoka kwenye usukani, desturi ya barabarani, kama wamepishana tu njiani. Aliuona mti wa bibi yake umelala uwanjani. Akaupita. Hakuugeukia hata mara moja. Alikwenda moja kwa moja mpaka kwenye mti wa Lorna, akafuata kamba kwa macho mpaka juu, akashuka nayo mpaka chini, akaingiza vidole vyake ndani ya pengo.

"Nani?" aliuliza.

"Mimi," Ivena alisema. "Nilimwambia mimi."

Samaki wakaanguka kwenye nyasi.

"Maud alisema alama ni mti wa Bibi," Ivena aliendelea. "Alisema huu utakuua. Nikasema ukatwe. Kisha nikaona ulivyofyeka."

Mvua ilimtiririka Chumvi kwenye ndevu. "Mti wa Bibi ulikuwa wa watu," alisema. "Wa kutazamwa. Watu walijua alama yetu iko juu hapa, ila hawajui ni upi katika miwili. Ukibaki mmoja, kila mtu anajua. Ndiyo maana nilikataa."

"Na mimi ni kila mtu?"

"Wewe ni Nobbs," alisema, akijaribu utani wao wa zamani. Haukumchekesha mtu, hata yeye.

"Tangu lini?" Maud aliuliza kutoka chini. "Baba hakuniambia kitu."

"Baba hakujua. Jiwe lilianguka mwaka ule ule Lorna alipotutoka." Alikuwa anaongea na gome la mti sasa. "Baada ya mazishi nilitoka siku ya kwanza, nikaenda mbali. Sikuwa na haja ya kurudi. Nikageuza mashua bila kutaka, jiwe halipo, sijui pa kuingilia, nikasema basi, na iwe. Nikainua macho, nikamwona amesimama juu ya hori. Mlango wazi kabisa chini yake. Tangu siku hiyo ananileta yeye. Kila siku ananileta nyumbani yeye." Akapapasa gome. "Nilishindwa kukwambia. Nilikuwa nimebakiwa na hicho tu, mimi na yeye. Nilikuwa bahili."

Ivena aliinuka. Alimpiga kifuani kwa ngumi, mara moja, kwa nguvu zote, naye akapokea.

"Nimemtia msumeno shingoni, Orrin," alisema. Hakuwa amemwita jina hilo tangu walipofunga ndoa kanisani. "Mwanangu. Nimesimama hapa nikamwambia mtu amkate, kwa sababu wewe hukunipa maneno mawili. Miaka yote nakuona na panga lako, nasema mwache, analia peke yake. Na mimi nilikuwa nalia peke yangu dirishani. Tungekuwa tunakuja hapa wote wawili, wewe mjinga."

Chumvi alimshika. Hakuwa mtu wa kumshika mtu mbele ya wengine, na alimshika vibaya, kiwiko kikimbana shingo. Ivena akamwachia amshike.

Kisiki aliona huo ndio wakati mzuri wa kuondoka, akakumbuka kwamba gari lake ndilo linaloushikilia mti. Akashusha kioo. "Shemeji, nina vyuma vya kufungia shina, na boliti ndefu. Tukiufunga pale kwenye kidonda unaweza ukaishi. Nimeona miti iliyoishi na zaidi ya hapo." Akasita. "Na mambo ya alama, mimi sijasikia kitu. Nilikuwa nimeziba masikio."

"Hukuwa umeziba," Ivena alisema. "Shuka, uje usikie vizuri. Maud, inuka, utashikwa na kifua." Alijifuta uso kwa kitambaa kilicholowa kuliko uso wenyewe, akamtazama mumewe. "Utazitaja alama zote. Ya kuvulia changu, ya kuingilia, ya kila kitu ulichoficha, hapa hapa, mbele ya Nobbs na Quintal na yeyote apitaye. Siri katika nyumba hii, Orrin, sorlan."

Chumvi alikohoa. Alitazama bahari, kwa mazoea, kama kuna mashua ya mtu karibu inayoweza kumsikia. Kisha akashika ncha ya kamba, akampa Ivena ncha nyingine, na wakati wakikaza pamoja akaanza kuzitaja.